Kupima udongo kama unanyonya kabla ya kuchimba shimo la choo, ndoo moja ya maji inatosha?

mama_ujenzi:

Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada kwa wenye uzoefu hasa mliojenga huku pembezoni mwa Dar. Mimi niko Chanika, kiwanja mita 20 kwa 25, nyumba ishapauliwa na sasa tunaingia kwenye maji taka, maana huku bomba la maji taka halijafika kwa hiyo ni lazima septiki (tanki la kutulizia maji taka) na shimo la kunyonya, lile ambalo maji yake yanapenya ardhini. Tutakaa watu sita.

Udongo wenyewe juu ni kichanga, ukishuka futi tatu nne unakuta mwekundu ulioshikana, halafu upande wa nyuma kuna mfinyanzi wa kijivu unaonata kwenye viatu mvua ikinyesha. Fundi anataka shimo likae nyuma kona ya kulia kwa sababu halitaonekana na wageni. Nikamuuliza tutajuaje kama pale pananyonya, akachimba kashimo ka kina cha goti akamwaga ndoo ya maji, ikazama ndani ya dakika chache, akasema umeona mama, huu udongo unakunywa vizuri.

Sasa kinachonipa wasiwasi ni jirani wa mtaa wa pili, shimo lake ni jipya kabisa lakini kila baada ya miezi michache linafurika anaita gari la kunyonya, na yeye pia aliambiwa udongo unakunywa. Naombeni mnisaidie, hiyo ndoo ni kipimo kweli? Kama sio, kipimo kinafanywaje na kwa kina gani? Pia fundi anasema chini ya septiki tusimwage zege ili maji yapungue yenyewe, hilo nalo sijalielewa. Na nyuma kulia hapo hapo ng'ambo ya ukuta jirani ana kisima, anakunywa hayo maji.


kijana_wa_boko:

Dada pole na hongera kwa ujenzi. Mimi nitaongelea kitu kimoja tu wengine watajazia. Usiangalie kunyonya peke yake, angalia maji ya chini yako wapi wakati wa masika. Kwangu Boko udongo ni mchanga mtupu, ukimwaga maji yanapotea mbele ya macho yako, kiangazi shimo halina shida yoyote, lakini ikifika mwezi wa nne maji ya ardhini yanapanda yanaingia shimoni kwa chini, gari linanyonya asubuhi jioni limejaa tena na sio kinyesi chetu ni maji ya ardhi tunayalipia. Hakuna udongo unaonyonya kama wenyewe umeshajaa maji. Kuna mtu huku aliweka septiki ya plastiki, akanyonyesha ikabaki tupu kipindi cha masika, tanki likasukumwa juu likapasua mabomba yote.

Kwa hiyo bahati yako uko kwenye mwezi wa tano, ardhi imelowa, pima sasa hivi usisubiri mwezi wa nane.


mzee_mchundo:

Mama ujenzi, umeuliza kwa wakati, wengi wanauliza shimo likishafurika. Mimi kazi yangu ya maisha ni mabomba na maji taka hapa mjini, ngoja nikueleze kwa kirefu kidogo.

Ndoo ya fundi imeonyesha kwamba maji yamezama, ni kweli yamezama, ila haijaonyesha unachotaka kujua. Udongo mkavu una nafasi nyingi za hewa na nyufa, maji ya kwanza yanakwenda kujaza zile nafasi, hata mfinyanzi ukiwa mkavu utakunywa ndoo mbili tatu vizuri tu. Lakini shimo lako litakuwa limelowa mwaka mzima, na mfinyanzi ukilowa unavimba unaziba nyufa zake wenyewe. Kwa hiyo lazima uulowanishe kwanza halafu ndo upime. Jambo la pili, amepima kina cha goti kwenye kichanga wakati maji yako yatatokea chini kwenye ule mwekundu. Amepima udongo ambao hautautumia.

Inafanywa hivi. Chimba shimo pana la kusimama mtu mpaka kina ambacho maji yatakuwa yanapenya, tuseme mita moja na nusu kwa kuanzia, na tafadhali lichimbwe kwa ngazi ngazi maana kichanga cha Dar kinaporomoka bila taarifa na vijana wanafukiwa. Pale chini katikati chonga kashimo ka sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 30. Chepe na sululu vinalainisha kuta zinakuwa kama zimepigwa lipu, kwa hiyo kwaruza kuta zote kwa msumari au kisu mpaka udongo wenyewe uonekane, toa vumbi, weka kokoto kidogo sana chini ili maji yakimwagwa yasichimbue tope. Jaza maji mpaka sentimita 30, yaache yazame usiku kucha. Kwenye mfinyanzi usiruke hii hatua hata kama fundi ana haraka.

Kesho yake jaza tena sentimita 30, laza ubao juu, shusha rula au kijiti ulichokitia alama, halafu pima kwa saa ya simu muda wa maji kushuka kutoka alama ya sentimita 22.5 mpaka alama ya 7.5. Huo ni mshuko wa milimita 150. Geuza muda wako kuwa sekunde, gawa kwa 150, unapata sekunde ngapi kwa kila milimita. Rudia angalau mara tatu kwenye kila shimo uchukue wastani, na usipime sehemu moja tu, pima kila sehemu ambayo shimo linaweza kukaa. Kwako lazima mbele na nyuma vyote vipimwe, maana umesema mwenyewe udongo haufanani.

Namba hiyo inasomwaje. Kipimo hiki ndo kinachotumika Uingereza na kwao ikiwa kati ya 12 na 100 panafaa. Ikizidi 100 maji hayatakwenda, shimo litakuwa bwawa. Ikiwa chini ya 12 watu hufurahi, kumbe nayo ni mbaya, maana maji machafu yanakimbilia kwenye maji ya ardhini kabla udongo haujayachuja. Wamarekani wanahesabu dakika kwa inchi, kanuni za sehemu nyingi kwao zikizidi dakika 60 kwa inchi zinakataa mfumo wa kawaida. Na kama unajenga kwenye mwamba wa matumbawe kama sehemu za pwani yetu, kipimo hiki hakikusaidii, maji yanapita kwenye matundu ya mawe hayachujwi kabisa.

Wakati huo huo ukiwa umechimba, angalia rangi za udongo. Mwekundu au kahawia uliofanana ina maana hewa inapita. Ukiona kijivu chenye madoa ya rangi ya kutu, hapo maji yanasimama kipindi fulani cha mwaka hata kama leo pakavu. Huo mfinyanzi wako wa kijivu nyuma mimi unanitia shaka kabla sijaona kipimo.

Kuhusu zege chini ya septiki, mwambie fundi hapana. Septiki kazi yake ni kuyatuliza maji ili kinyesi kizame chini na mafuta yaelee juu, katikati ndo maji yanatoka kwenda shimo la kunyonya. Lazima isivuje chini wala pembeni. Ukiacha chini wazi hapo huna septiki, una mashimo mawili yanayoingiza kinyesi kibichi ardhini, na jirani ana kisima.


kiluvya_juu:

Wakuu naheshimu maelezo lakini mambo ya sekunde kwa milimita kwa nyumba ya kuishi naona tunamuumiza dada bure. Huku kwetu tunachimba futi 20, tunapanga mawe, tunafunika, watu wanakaa miaka kumi hawajawahi kuita gari. Fundi mzoefu akishika udongo mkononi anajua. Hela ya kuchimba mashimo ya kupimia angeongezea kwenye shimo lenyewe.


afya_ya_jamii:

Kiluvya juu, kaka yangu, kwako limekubali kwa sababu kwako udongo umekubali, jirani wa mama ujenzi huko Chanika amechimba vile vile na anafurika. Halafu kutofurika sio ushahidi kwamba kila kitu ni salama. Shimo la futi 20 lililofika kwenye maji ya ardhini halifuriki kwa sababu linamwaga moja kwa moja kwenye maji ambayo mtu wa nyumba ya tatu anayavuta kwa pampu na kumpa mtoto. Ukiona shimo halijai kabisa na mtaa una visima, hapo ndo pa kuuliza maswali.

Na likifurika tunajua kinachofuata hapa mjini, masika watu wanatapisha vyoo usiku mvua ikinyesha, maji yanakwenda mtaroni, watoto wanacheza humo asubuhi. Kipindupindu cha 2015 kilianzia hapa hapa Dar mwezi wa nane kikasambaa mikoa mingine. Mimi hili jambo linaniuma, nimekaa na akina mama wanaomuuguza mtoto wa homa ya matumbo na kisima kiko hatua chache kutoka shimo la choo.

Mama ujenzi, umbali unaoshauriwa sana kati ya shimo la kunyonya na kisima cha kunywa ni mita 30. Kwenye udongo laini unaochuja vizuri na maji yakiwa mbali chini, wapo wanaokubali 15, ila chini ya hapo usikubali kabisa. Kona ya nyuma kulia ng'ambo ya ukuta wa mwenye kisima, hata udongo ungekuwa mzuri kiasi gani, hapafai. Na chini ya shimo lako pabaki angalau mita moja na nusu mpaka mbili za udongo mkavu kabla ya kufika maji ya ardhini, hiyo ndo inayoua vijidudu. Njia nyepesi ya kujua maji yako wapi ni kumwomba huyo huyo jirani mshushe kamba yenye jiwe kwenye kisima chake sasa hivi ardhi ikiwa imelowa.


mzee_mchundo:

Naunga mkono kwa asilimia zote. Kaka wa Kiluvya, kushika udongo mkononi nakubali kunasaidia, na mimi nashika, unajua kichanga na mfinyanzi. Lakini mkono haukwambii shimo liwe kubwa kiasi gani, na hapo ndipo hela inapopotea.


mama_ujenzi:

Wakuu nimerudi na majibu. Fundi mwanzoni alinuna kidogo lakini tulipoanza kupima akawa yeye ndo anashika simu kusoma dakika.

Tulichimba mbele kona ya kushoto karibu na geti na nyuma kona ya kulia alikotaka yeye, yote mita moja na nusu, tukalowesha usiku kucha kama mzee alivyosema. Mbele wastani umekuja dakika 41 kushuka toka 22.5 mpaka 7.5. Nyuma saa tatu na dakika 20, na asubuhi tulikuta maji ya usiku bado yamebaki kwenye kashimo. Kibaya zaidi nyuma tulipoendelea kushuka kufika mita mbili na nusu kuta zikaanza kutoa unyevu, na yale madoa ya kutu yapo, mengi. Mbele udongo mwekundu mpaka chini mita tatu na nusu pakavu.

Kisima cha jirani tumeshusha kamba, maji yako kama futi 22 kutoka juu. Kutoka kisimani mpaka kona ya mbele kushoto tumepima kwa futi kamba ni mita 31.

Naomba mnisaidie kuhesabu.


mzee_mchundo:

Kazi nzuri sana mama, na msalimie fundi.

Mbele, dakika 41 ni sekunde 2,460, gawa kwa 150 unapata 16.4. Nyuma, saa tatu na dakika 20 ni sekunde 12,000, gawa kwa 150 ni 80. Ukiangalia haraka utasema zote ziko chini ya 100 kwa hiyo zote zinafaa. Sasa ona. Kanuni ya kale kale ya Uingereza kwa maji yanayotoka septiki ni idadi ya watu mara ile namba mara 0.25, unapata mita za mraba za udongo unaohitaji. Mbele ni 6 mara 16.4 mara 0.25, karibu mita za mraba 25. Nyuma ni 6 mara 80 mara 0.25, mita za mraba 120. Hicho ni karibu robo ya kiwanja chako chote. Kiwanja kimoja, ukuta mmoja, tofauti mara tano. Na huo unyevu uliouona nyuma ni maji yaliyokaa juu ya mfinyanzi hayana pa kwenda, hata namba ingekuwa nzuri nisingekuruhusu.

Kwa hiyo mbele kushoto. Ile kanuni ya Waingereza imetengenezwa kwa mitaro mirefu na inahesabu sakafu ya mtaro, kwa upana wa sentimita 60 ungehitaji mtaro wa mita 41, hauna nafasi hiyo. Kwa viwanja vyetu tunachimba mashimo na tunahesabu kuta tu, sakafu tunaiacha maana inaziba kwa tope mapema. Nikakagua kwa njia nyingine, udongo wa namna yako, hiyo 16.4 ni kama dakika saba kwa inchi, unapewa lita 24 hivi za maji taka kwa mita ya mraba kwa siku. Unaona ni kidogo sana ukilinganisha na maji safi uliyoyapima, sababu maji taka yanajenga utando wa utelezi kwenye ukuta kama ule wa ndani ya pipa la maji la zamani, na baada ya muda utando ndo unaoamua kasi, sio udongo. Watu sita kwa lita 100 kila mtu ni lita 600, gawa kwa 24 ni mita za mraba 25. Njia mbili zimekutana, hapo moyo wangu umetulia.

Shimo la duara la upana wa mita mbili, kina cha kunyonya mita mbili chini ya bomba linapoingia, ukuta wake ni 3.14 mara 2 mara 2, mita za mraba 12.6. Mashimo mawili ni 25. Bomba likiingia kwenye sentimita 80 chini ya ardhi, sakafu ya shimo inakuwa mita 2.8, maji ya kisima yako futi 22 yaani kama mita 6.7, kwa hiyo una karibu mita nne katikati. Nzuri sana. Ila msishuke zaidi kwa kudhani kina ndo ubora, na shimo la pili liwekeni upande wa ukuta wa mbele bila kurudi nyuma msije mkapoteza mita nyingi za kisima, hata hapo litakuwa chini kidogo ya 30 ila mbali na ile 15. Kati ya shimo na shimo acheni nafasi kubwa, ikiwezekana mita sita, yakikaribiana yananyonyea udongo ule ule.

Maji ya mvua ya bati yasiingie humu kabisa, yapelekeni kwingine. Mvua moja ya masika kwenye paa lako ni maji ya siku nyingi za watu sita.


kiluvya_juu:

Mzee hapo kwenye 25 na 120 nimeelewa. Mimi nilijua panafaa au hapafai tu, sikujua kwamba kipimo ndo kinatoa ukubwa wa shimo. Swali langu, choo chake kiko nyuma ya nyumba, bomba kutoka huko mpaka mbele si litazama sana?


mzee_mchundo:

Bomba la inchi 4 linataka mteremko wa 1 kwa 40, unaweza kwenda mpaka 1 kwa 60 kama fundi anapanga vizuri. Kwa kila mita 12 linashuka sentimita 30 kwa 1 kwa 40. Kiwanja kikiwa kinateremkia mbele ni rahisi, kikiwa tambarare bado inawezekana, septiki ikae kando ya nyumba njiani, chemba kila kona na kila linapoungana na bomba jingine. Mama, kabla ya kuchimba chochote pima kimo kwa bomba la maji la fundi, ule mpira mwembamba wenye maji wa kupimia usawa, kuanzia choo mpaka kona ya mbele, kisha ndo mnafunga usawa wa septiki. Na faida nyingine ya mbele, gari la kunyonya septiki linafika getini mpira unatosha, nyuma lingekuwa linapita wapi.


mama_ujenzi:

Kinateremkia mbele, tena kidogo kidogo vizuri. Mzee la mwisho, hela ya mashimo mawili kwa mpigo haipo. Tutahamia mwezi wa saba tukiwa watatu, watoto wengine wako bweni mpaka likizo ya Desemba. Naweza kuanza na moja?


mzee_mchundo:

Unaweza. Shimo moja la 12.6 mara lita 24 ni kama lita 300 kwa siku, watu watatu linawatosha. Ila kuanzia sasa jengeni chemba ya kugawia baada ya septiki yenye matoleo mawili, toleo la pili lizibwe, na eneo la shimo la pili lisijengwe wala lisipitishwe lori la mchanga, likishindiliwa udongo utaacha kunyonya na kipimo chote kinakuwa hakina maana. Chimbeni la pili mwezi wa nane au wa tisa kukiwa kukavu, kabla ya vuli na kabla watoto hawajarudi. Yakishakuwa mawili mnaweza kuyapokezanisha, moja linapumzika miezi kadhaa ule utando unakauka na kuoza, ukuta unarudi kunyonya.

Mifuniko iwe ya zege na nondo, iwe juu ya usawa wa ardhi kidogo ili maji ya mvua yasitiririkie humo, na kwa kuwa ni karibu na geti mwambie fundi kabisa kwamba gari halipiti juu yake.


kijana_wa_boko:

Na dada, zile namba ziandike nyuma ya ramani ya nyumba pamoja na mahali mlipopima, jirani wa mtaa wa pili mwambie aje apime kwake kabla hajamlipa mtu kumchimbia shimo jingine.